Visima vya Mungu na Ahadi za Wanadamu

Mtu hachagui mahali pa kuzaliwa, kama asivyomchagua mama yake. Lakini akiisha kuzaliwa, mahali pale humdai haki, naye hupadai haki. Deni hili la pande mbili ndilo liitwalo uraia. Upande mmoja ukilipa na wa pili usilipe, huwapo malalamiko. Pande zote mbili zisipolipa, hapana tena mji, ila nyumba nyingi zilizokaribiana. Nataka kukusimulia, msomaji wangu, habari za mji ambao mimi ni mdai wake na mdaiwa wake pia. Malalamiko yangu ni mengi, walakini nakuomba uyasikilize mpaka mwisho, maana kabla hayajakwisha utanikuta na mimi ndani yake.

Mji wenyewe ni Elwak, katika kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi. Jina lake limeundwa kwa maneno mawili: la kwanza maana yake ni kisima, na la pili, Wak, ni jina la Mungu lililotumiwa na wahenga wetu kabla ya Uislamu kuenea katika nchi hii. Basi Elwak ni Visima vya Mungu. Tangu zamani zisizokumbukwa wafugaji wamewanywesha ngamia, ng'ombe na mbuzi wao hapo. Maji yake yana chumvi. Mgeni akiyaonja hukunja uso. Mwenyeji akiyapata hushukuru.

Visima viliwaleta watu, na watu wakawaleta watawala. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya ng'ambo ya mpaka, upande wa mto Juba, na mstari ukapita kati ya watu wa ukoo mmoja na malisho yao. Hata leo iko miji miwili yenye jina hilo moja, mmoja Kenya na mmoja Somalia. Mwezi wa Desemba 1940 majeshi ya Uingereza, wakiwamo askari wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, waliwashambulia Waitalia papo hapo Elwak na kuwafukuza. Askari waliotoka mbali walikufa karibu na visima vyetu kwa ugomvi ambao haukuwa wao wala wetu. Vita vikaisha, wakubwa wakaenda zao, na visima vikabaki kama vilivyokuwa.

Chini ya wakoloni nchi yetu iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nayo ilikuwa wilaya iliyofungwa: hapana aliyeingia wala aliyetoka pasipo kibali. Shule zilikuwa chache mno, na barabara zilifyekwa kwa ajili ya askari kuliko kwa ajili ya raia. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1962, ilikuja tume kuuliza maoni ya watu. Wengi wa Wasomali walijibu kwamba wangependa kuungana na Somalia. Jibu lao halikufuatwa. Mwezi wa Desemba 1963, wino wa uhuru ulipokuwa haujakauka, hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa mzima, na vita vilivyoitwa vya shifta vikawaka. Mapatano ya Arusha yalivizima mwaka 1967, lakini sheria za hatari ziliendelea kutukaa mabegani mpaka 1991. Fikiri, msomaji: mtoto aliyezaliwa siku ya uhuru alifikia umri wa miaka ishirini na minane, akaoa na kuzaa, pasipo kuonja siku moja ya sheria ile waliyoishi chini yake wananchi wenzake.

Tena mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Ndani yake ilielezwa kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na njia za usafiri, kwa kuwa huko zitazaa upesi, na mazao yake yatawafikia wengine baadaye. Mwenye shamba la rutuba aliongezewa mbolea. Mwenye jangwa aliambiwa asubiri. Hapakukumbukwa kwamba chini ya ardhi ya Elwak iko jasi nyingi, wala kwamba mifugo ni mali kama kahawa na chai ilivyo mali. Ndiyo sababu mpaka hivi leo mtu wa kwetu akifunga safari ya kwenda Nairobi utamsikia akisema, "Nakwenda Kenya." Mgeni hucheka. Lakini neno hilo si mzaha. Ni historia iliyofupishwa na watu ambao hawakuiandika vitabuni.

Kiswahili kina methali kongwe ya pwani isemayo: Mgala muue, na haki yake mpe. Mgala ni jina ambalo watu wa pwani waliwaita majirani wa Kioromo, na lugha ya wengi wa Elwak ni ndugu ya lugha yao. Nilipoisikia methali hiyo darasani mara ya kwanza niliona kama naitwa kwa jina langu. Nilijiambia kwamba sehemu yake ya kwanza tumekwisha kutendewa. Iliyobaki ni ile ya pili.

Mwalimu aliyenifundisha methali hiyo alikuwa mtu wa Machakos. Alikuja Elwak kijana, akajifunza kunywa chai ya maziwa ya ngamia, akatufundisha Kiswahili kwa bidii kama kwamba hatima ya dunia ilitegemea ngeli za majina. Kiswahili hiki ninachokuandikia ni kazi ya mikono yake. Tarehe 22 Novemba 2014, nilipokuwa kidato cha tatu, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Mwalimu wangu hakuwamo katika basi hilo, lakini Januari shule ilipofunguliwa hakurudi, wala wenzake wengi hawakurudi, na nani angewalaumu? Mwaka mzima wa mtihani wetu tulisoma Hisabati, Fizikia na Kiswahili pasipo mwalimu, tukifundishana sisi kwa sisi kwa madaftari ya ndugu zetu waliotutangulia. Katika mwaka huo sikuona kiongozi hata mmoja aliyeingia darasani mwetu kututazama. Tulisikia kwamba walikuwa wakilaumiana Nairobi.

Walakini mwaka huohuo wa 2015, mwezi wa Desemba, lilitokea jambo jingine karibu na Elwak, nalo nataka ulishike moyoni kwa kuwa nitalirudia. Basi jingine lilikuwa likienda Mandera, nalo likashambuliwa. Wauaji waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu upande huu na Wakristo upande huu. Abiria walikataa. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamewapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike, na watu wakawaambia wauaji: tuueni sote au mtuache sote. Miongoni mwao alikuwa mwalimu Salah Farah, Mwislamu, aliyepigwa risasi na kufariki hospitalini Nairobi mwezi wa Januari 2016. Abiria wale hawakuwa na cheo, wala gari la bendera, wala mshahara wa serikali. Hata hivyo katika dakika zile chache waliongoza kuliko wengi wanaoitwa viongozi.

Sasa nirudi katika malalamiko yangu. Zamani tulikuwa na sababu ya kumlaumu mtu wa mbali. Tulisema mkoloni, tukasema Nairobi, na katika yote mawili tulisema kweli. Lakini mwaka 2010 Kenya ilipata Katiba mpya, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 serikali za kaunti 47 zikaanza kazi. Kaunti ya Mandera imekuwa miongoni mwa zile zinazopewa mafungu makubwa ya fedha. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 204, iliweka mfuko wa kusawazisha, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Ingawa miaka mingi ilipita katika mabishano kabla matunda yake hayajaonekana. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kutengeneza njia kuu ya kwenda kaskazini mashariki. Sitaki kuwa mtu asiyeona jema. Ugatuzi ulileta lami ya kwanza katika mji wa Mandera, ukajenga zahanati na madarasa, na wauguzi wakaajiriwa ambao hapo kwanza hawakuwapo. Lakini tangu mwaka huo wa 2013, mtu wa Elwak akitaka kumwona anayemnyima haki, hana haja ya kutazama mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Katika mtaa wetu kilikuwapo kisima cha bomba chenye mashine ya kuvuta maji, na tangi juu ya nguzo. Kilipofanya kazi, wanawake walilala usiku. Mashine iliharibika mwaka 2016 kwa kukosa kifaa kidogo ambacho mtu mmoja angeweza kukibeba mkononi kutoka Nairobi. Wazee walipeleka habari ofisi hii, wakaambiwa ni kazi ya ofisi ile. Wakaenda ofisi ile, wakaambiwa fedha zimekwisha kutengwa. Wakarudi, wakaambiwa aliyezitenga amehamishwa. Mwaka ukapita. Nyanya yangu, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, akarudia kazi ya ujana wake: kuamka saa tisa za usiku na kwenda na punda kupanga foleni kwenye visima vya kale.

Ukafika uchaguzi wa Agosti 2017. Kwetu, msomaji, mara nyingi kura huwa imepigwa kabla ya siku ya kura. Wazee wa koo huketi chini ya mti na kugawana vyeo: huyu wa ukoo fulani atashika kiti hiki, na yule wa ukoo fulani kiti kile, na kijana mwema hatakiwi kubishana na wazee wake. Njia hiyo haikosi faida. Elwak imewahi kuona damu ikimwagika kwa ugomvi wa koo, na afadhali watu wagawane viti kuliko wagawane risasi. Lakini ina kasoro moja kubwa: aliyechaguliwa kwa damu ya ukoo wake haulizwi juu ya kazi ya mikono yake. Akitenda vyema ni wetu, na akitenda vibaya ni wetu pia, na kumuuliza ni kuwasaidia maadui.

Mgombea mmoja wa ukoo wangu, jina lake nalisitiri, alikuja kwetu na magari saba. Alisimama chini ya lile tangi kavu, akaapa kwamba maji yatatoka kabla ya siku ya kura. Na kweli yalitoka. Mafundi walikuja, mashine ikanguruma, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, nina cheti cha shule na sina kazi. Nilipewa shilingi 1,000 na fungu la miraa, nikapanda juu ya lori na kipaza sauti, nikalitaja jina lake toka asubuhi mpaka magharibi kwa siku tisa. Nililitaja kwa Kiswahili kizuri, kile alichonifunza mwalimu wangu. Alishinda. Kabla ya mwezi kwisha mashine ilinyamaza, maana kifaa kilichotiwa hakikuwa kipya, kiliazimwa mahali pengine nacho kikarudishwa kilikotoka.

Nilikwenda mwenyewe kudai ahadi. Sikupewa nafasi ya kumwona mkubwa. Nilionana na msaidizi wake, kijana tuliyepanda naye lori moja. Alinisikiliza kwa upole mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Ndugu yangu, wewe ulikuja kwetu na kura yako, nasi tulikulipa. Mtu hadaiwi kitu alichokwisha kukilipia."

Nilitafuta jibu, sikulipata. Nimelitafuta tangu siku ile, na sasa nakiri mbele yako kwamba halipo. Alikuwa mwovu katika nia yake, lakini katika hesabu yake hakukosea. Nilikuwa nimeuza kwa shilingi elfu moja na majani ya kutafuna haki ambayo watu wengine wameifia.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, mitano kwa mfululizo. Katika mwaka 2022 mizoga ililala kando ya barabara zote za kaskazini mashariki. Nyanya yangu alikuwa na mbuzi 40, ambao ndio waliotusomesha. Walikufa mmoja mmoja, na wengi walikufa mahali pamoja: kando ya birika kavu la kisima kile cha bomba, kwa kuwa walizoea kuwa hapo ndipo pa kunywa. Maji yalikuwa chini ya miguu yao. Siku alipokufa wa mwisho nilimwambia nyanya maneno ya kumfariji, nikasema kwamba jua la mwaka ule lilikuwa kali mno. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, jua lilikuwapo tangu nilipozaliwa, na maji yalikuwapo." Hakuongeza neno. Alijua nilikuwa juu ya lori. Mji mzima ulinisikia.

Mwezi wa Novemba 2023 mbingu zikafunguka. Mvua za El Nino ziliijaza Mandera yote. Mitaro ya mji wetu ilikuwa imezibwa na taka za miaka mingi, chupa, mifuko na matambara, kwa sababu hapana aliyeamuru zizolewe na hapana aliyeona haya kuzitupa. Maji tuliyoyalilia mwaka uliotangulia yaliingia majumbani, yakachukua unga na vitabu, kisha yakachanganyika na uchafu wa vyoo na kuwa sumu. Katika miezi kumi na minane tuliteswa na ukame na mafuriko, navyo ni mambo mawili yanayopingana. Nikafahamu ya kuwa msiba wetu haukuwa maji kupungua wala maji kuzidi. Palikosekana mtu wa kuyahifadhi yanapokuja, na watu wa kumdai mtu huyo.

Hapa ndipo nalirudia lile basi la Desemba 2015. Watu wale walitishwa kwa bunduki ili wajitenge kwa dini zao, wakakataa, wakijua kwamba kukataa huenda ni kufa. Sisi siku ya kura hatukushikiwa bunduki. Tuliambiwa tu kwamba fulani ni wa ukoo wetu na fulani si wa ukoo wetu, nasi tukajitenga wenyewe, tukapanga foleni, tena tukifurahi. Ikiwa watu wa kawaida waliweza kuwa kitu kimoja mbele ya mauti, ni udhuru gani tulio nao sisi tunaoshindwa kuwa kitu kimoja mbele ya sanduku la kura? Sisemi mtu aukane ukoo wake. Ukoo hukuzika ukifa na hukulipia mahari ukioa. Lakini ukoo haujui kutengeneza mashine ya maji. Kazi hiyo hufanywa na fundi, na fundi huletwa na ofisi inayoogopa kuulizwa.

Mwaka uliofuata mafuriko tulikutana, kaya thelathini na kitu za mtaa wetu, za koo tatu tofauti. Kila kaya ilitoa shilingi 50 kwa juma. Mimi nilichaguliwa kuandika daftari, labda kwa sababu kila mtu alijua ninadaiwa. Baada ya miezi minne tulinunua kifaa kile, kipya. Mashine inanguruma. Sikuelezi haya ili ufikiri kwamba raia wachange fedha na serikali ipumzike. La, kodi tumekwisha kuilipa, na maji ni haki yetu kwa Katiba, si fadhila. Nakueleza kwa sababu ya lile daftari. Mtu yeyote wa mtaa, mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto, aweza kuja jioni na kusema, "Nionyeshe fedha zetu zimekwenda wapi," nami nalazimika kumwonyesha. Mara ya kwanza niliona uchungu kuulizwa. Sasa nimezoea, na nimeona kwamba kuulizwa kumenifanya mwaminifu kuliko nilivyokuwa kwa tabia yangu. Mwaka huu tulilipeleka daftari hilo katika baraza la hadhara la bajeti, tukauliza kwa nini kifaa kilichotugharimu miezi minne kiliishinda ofisi miaka minane. Jibu lenyewe lilikuwa refu na halikueleweka. Lakini aliyelijibu alitoka jasho, na jasho lile lilikuwa malipo ya kwanza ya deni letu.

Wewe unayesoma insha hii huenda hujafika umri wa kupiga kura. Huenda umezaliwa katika mji wenye lami na mifereji ya maji, au umezaliwa mahali kama Elwak. Popote ulipo, siku yaja ambapo mtu atakuja mtaani mwako na magari saba na fungu la kitu fulani mkononi. Usiyatazame magari, wala usiuulize ukoo wake. Muulize alikuwa wapi jana, mwandikie ahadi zake daftarini mbele ya watu, na usipokee kutoka kwake kitu chochote, hata kidogo, maana bei ya kura ikiisha kulipwa mdai hugeuka mdaiwa.

Mimi nilijifunza haya kwa mbuzi 40 ambao hawakuwa wangu. Nyanya yangu yu hai bado. Siku hizi halali foleni usiku, ila jioni huja na kiti chake, huketi karibu na mashine, na husema, "Nisomee daftari." Hajui kusoma, lakini huzisikiliza hesabu zote mpaka mwisho, nami humsomea tarakimu baada ya tarakimu pasipo kuruka hata moja.